Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Uhudumu wa Ndege

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Changamwe, Mombasa, aliniletea mkataba wa kazi ya uhudumu wa ndege ili niusome kabla hajatia saini. Yeye alitaka maoni yangu kuhusu mshahara. Mimi nilitafuta kwanza kifungu cha ugonjwa, nikakuta kwamba mhudumu hulipwa kwa saa alizoruka tu, na asiyefika kazini halipwi, hata akiwa mgonjwa.

Nimewahi kufanya kazi chini ya kifungu kama hicho. Asubuhi moja niliamka na mafua makali, masikio yameziba, nikajua fika kwamba sifai kuruka, lakini kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia na safari mbili ndizo zilizobaki kuitimiza, basi nikavaa sare nikaenda. Ndege ilipoanza kushuka kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Moi, maumivu ya sikio yalinishika hata nikashindwa kuinua kichwa, na mwenzangu ndiye aliyenigusa bega kuniambia kwamba rubani alikuwa ameita mara mbili kwa simu ya ndani. Tulitua salama. Lakini ndege yenye viti zaidi ya 44 haipewi idhini mpaka ithibitike kuwa watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki, na hesabu hiyo humtegemea mhudumu anayesikia amri. Siku ile mimi sikuwa nikisikia.

Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Kosa lililotajwa ni la nahodha, aliyevuta usukani alipopaswa kuusukuma mbele. Hata hivyo rubani msaidizi, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi kituo chake cha kazi cha Newark, na kinasa sauti kilihifadhi chafya zake na maneno yake kwamba, lau angejisikia hivyo akiwa nyumbani, asingekuja. Kila nikikumbuka maneno hayo, naikumbuka asubuhi yangu.

Kwa hiyo nilimwonyesha binti Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, inayompa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila mwaka wa kazi. Nilimshauri aulize pia saa za mapumziko huanza kuhesabiwa lini, kwa kuwa anayekaa Likoni anaweza kupoteza saa nzima kwenye foleni ya feri kabla hajalala, na aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi.

Barua ameipeleka juzi. Mkataba bado uko kwangu, haujatiwa saini.