Gari likikosa sailensi, usiguse ile skrubu

Corolla yangu ya 1997, injini 5A, ilianza kunisumbua kwenye foleni za Mwenge, Dar es Salaam. Likitembea, halina shida. Shida ilikuwa kwenye sailensi, yaani injini inapowaka bila kukanyaga mafuta: nikisimama kwenye mataa, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka hadi karibu 500 badala ya 700 au 800, usukani unatetemeka, na nikiwasha AC linazima. Nyuma kulikuwa na harufu kali ya petroli.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akaweka pampu ya mafuta. Wa tatu akachukua bisibisi, akakaza skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa throto (mlango wa hewa ya injini, wenye kibao kinachofunguka ukikanyaga mafuta), sailensi ikapanda, akaniambia tayari. Huyo wa mwisho ndiye aliyeniumiza zaidi, na alichofanya kinafanyika gereji nyingi. Skrubu ile imewekwa ili kibao cha throto kisijibane kwenye ukuta wake kinapofunga. Ukiikaza, kibao kinabaki wazi kidogo, kompyuta inaona kama umekanyaga mafuta, na kazi ya kuongoza sailensi inavurugika. Haikupita wiki, gari likawa linapanda na kushuka lenyewe. Ilibidi niirudishe taratibu mpaka ikagusa tu.

Kwenye injini hizi hewa ya sailensi hupita njia ndogo pembeni ya kibao, na vali ya umeme iliyofungwa chini ya throto ndiyo inayoamua ipite kiasi gani. Ukiwasha AC, vali inatakiwa ifunguke zaidi ili injini ihimili mzigo. Masizi ya miaka yote hiyo huigandisha, na yangu ilikuwa nyeusi tii. Nilivua throto nzima, nikaisafisha kwa dawa ya kabureta na mswaki, nikilinda upande wenye umeme usilowe. Angalia sana skrubu zinazoshika vali, vichwa vyake ni laini. Tafuta bisibisi inayokaa sawasawa na uigonge kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungusha.

AC haikulizima tena. Mtetemo na harufu vikabaki.

5A kama yangu haina kipima hewa kwenye bomba la kuvutia hewa. Kompyuta hukadiria hewa kwa kihisio cha vakyumu, yaani mvuto wa hewa, ambacho huunganishwa na manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) kwa mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, kihisio kinasoma kama injini imebeba mzigo, na kompyuta inamwaga petroli. Wangu ulikuwa na ufa pale unapochomekwa, usioonekana mpaka uukunje. Kipande kipya kilinigharimu kama bei ya soda mbili, baada ya pampu nzima! Gari lenye kipima hewa huenda kinyume: hewa ikipenya baada ya kipima, petroli inakuwa pungufu.

Kwa hiyo anza na mipira. Injini ikiwa sailensi, nyunyizia maji kwenye mipira na kingo za manifoldi, usikilize mlio ukibadilika. Wapo wanaotumia petroli. Nakusihi usifanye hivyo, waya za plagi zilizochoka hutoa cheche.

Kisha fungua kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Kosa namba 31 ni kihisio cha vakyumu, 22 ni cha joto la maji, 41 ni cha throto. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Yangu ilipepesa hivyo hivyo na ufa ukiwepo, maana umeme wa kihisio ulikuwa mzima.

Likiendelea kumisi, yaani silinda moja haichomi vizuri, chomoa soketi za noseli (vinyunyizio vya petroli) moja moja injini ikiwaka. Silinda ambayo ukiichomolea mlio haubadiliki ndiyo yenye tatizo. Hamishia plagi na waya wake silinda ya jirani. Tatizo likihama navyo, umelipata. Lisipohama, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza, noseli zisubiri.