Kwa mnaoanza kazi ya tafsiri: usimuulize bibi "umeelewa?"

Wadogo zangu mlioingia juzi, mimi nilianza na madarasa ya kusoma na kuandika Kimalila, lugha yetu sisi Wamalila huku Mbeya, baadae wakanivuta kwenye tafsiri ya Biblia, na cha kwanza nawaambia kuzaliwa Umalila sio kujua kuandika Kimalila. Tumesoma kwa Kiswahili toka la kwanza, tunasali Kiswahili, hata kugombana siku hizi ni Kiswahili, kwahiyo ukikaa na Union Version, ile Biblia ya Kiswahili ya kanisani, mbele yako mkono unaandika Kiswahili kilichovalishwa nguo za kwenu.

Mfano ni "Mwana wa Adamu". Tuliiweka hivyo hivyo kwa Kimalila tukaenda kijijini kupima kama inaeleweka, bibi mmoja akauliza kwa upole kabisa, huyu mwana wa Adamu ni Kaini au Sethi? Tulichoka. Ukienda kwenye Kigiriki hakuna Adamu pale, ni mwana wa mtu, ila Kiswahili kina binadamu wake ndo akaingilia humo, na sisi tumeisikia kanisani miaka yote mpaka hatuioni tena.

Kwenye kupima sasa, usimuulize mtu "umeelewa?" atasema ndiyo, tena na asante juu, we mgeni umekuja na laptopu nani akuaibishe? Msomee kipande, mwambie akusimulie kwa maneno yake, halafu uliza nani alimwambia nani. Akikwama usianze kumfafanulia (mimi nilikuwa na ugonjwa huo, nahubiri badala ya kuandika), nyamaza uandike pale alipokwama. Na mtafute asiyeijua hadithi, maana mzee wa kanisa atakusimulia Mwana Mpotevu vizuri hata kama umemsomea bei ya viazi.

Kitu kingine kitakachowatoa jasho ni wakati uliopita. Kiswahili kina -li- yake, jambo liwe la asubuhi au la enzi za babu inatosha. Kwetu kitenzi chenyewe kinataka kujua ni la leo au la siku zile. Sasa chukua Luka 24, wale wawili wa njia ya Emau, Luka anasimulia habari ya zamani lakini wao wenyewe humo ndani wanaongelea msalaba wa juzi tu, wanasema kabisa leo ni siku ya tatu. Tulibishana nusu siku chai ikapoa. Kilichotuokoa ni kurekodi wazee wakisimulia msiba wa juzi, halafu haohao wakisimulia habari za ujana wao, tukakaa tunasikiliza vitenzi tu, hatukubishana tena.

Kwa wa upande wa madarasa, Kimalila kina vokali saba, Kiswahili tano, mbili zilizozidi tunaziandika ɨ na ʉ. Mtu aliyesoma Kiswahili anazipita kama i na u za kawaida, sentensi inamgeukia, anafunga kitabu anasema lugha yetu ngumu. Sio ngumu bana, hajafundishwa herufi mbili! Usimrudishe kwenye a e i o u kama mtoto, mpe maneno mawili anayoyajua, moja lina i lingine lina ɨ, ayatamke mwenyewe asikie. Wawekeeni na kibodi yenye hizo herufi kwenye simu mapema, la sivyo meseji zote zitakuja bila hizo. Na msipange darasa msimu wa kupanda, mtafundisha mabenchi.

Msomaji wa Jumapili apewe ukurasa wake kuanzia Alhamisi asome kwa sauti nyumbani, akigugumiza mbele za watu siku moja tu utasikia "bora Kiswahili".

Halafu kila rasimu mnayoprinti iandikeni tarehe kubwa juu na mkimaliza kupima mkusanye zote, maana moja ilitutoroka, ikasomwa kanisani, na kuna watu mpaka leo wanaukariri mstari ule wenye kosa na wanatuambia sisi ndo tumeubadilisha.