Wanagenzi, shingo ya twiga imetosha

Wiki hii nimeletewa mashairi 9 ya mapenzi niyapitie. Katika 7, mpenzi ana shingo ya twiga. Katika 5 ana meno ya lulu. Nimeanza kushuku kwamba nyote mnampenda mtu mmoja, tena mrefu kupita kiasi. Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza.

1. Mizani, yaani silabi za kila mstari, hesabuni kwa vidole, msikisie. Hilo limekwisha.

2. Kina kisikuchagulie mpenzi. Hapa nina kovu.

Nilimwandikia beti 12 binti niliyekuwa nasoma naye, meza moja, kila siku. Vina vya kati na vya mwisho vilikaa, guni, yaani kosa la vina au mizani, hakuna hata moja. Katika ubeti wa 4 nilikuwa na -ri na -no. Nilishatumia "nzuri" na "siri", "meno" na "mfano". "Hariri" na "kiuno" zikajileta zenyewe, nikaandika: *Nywele ndefu za hariri, zashuka hadi kiuno.* Nilifurahi mpaka nikasimama kitini.

Sasa, yule binti alikuwa amenyoa. Wala si jana yake. Tangu nimjue, kitana kwake hakikuwa na kazi.

Alilisoma taratibu, kidole kikitembea juu ya karatasi. Nikadhani anapima mizani, na kweli alikuwa anapima. "Imetimia," akasema. "Sasa huyu ni nani?"

Nikacheka peke yangu. Nikajitetea kwamba washairi hutia chumvi, ndiyo kazi yao. Akaniuliza, "Chumvi unaitia kwenye nini, na chakula chenyewe hakipo?"

Kwa aibu nikaropoka kitu cha kweli: kwamba akitaka kucheka huziba mdomo kwa kiganja, halafu husahau, kiganja kikashuka kicheko kikiwa katikati. Akanyamaza kidogo. "Hilo liko ubeti wa ngapi?"

Halikuwemo. Nililifuta usiku ule kwa sababu "kiganja" hakikupata wenzake. Leo nawapa bila kufikiri: uwanja, kuonja, kuvunja, kupunja. Vina vilikuwepo, mimi niliona uvivu, na hariri ilikuwa karibu. Alinirudishia karatasi imekunjwa vizuri, kwa adabu kabisa. Heri angeichana.

3. Msinielewe vibaya, chumvi si dhambi. Sema alipoingia dunia ilisimama, nitakubali, ilimradi kwanza nimwone akiingia. Shakespeare, katika soneti ya 130 iliyochapwa mwaka 1609, alikataa kabisa kuyafananisha macho ya mpenzi wake na jua, na hakuna anayeisoma hadi mwisho akadhani hampendi. Lakini na hili nalo msiligeuze mtindo! Mmoja wenu ameniletea beti 6 za kumkashifu mwenzake, eti ndio ukweli. Huo ni ugomvi wenye vina.

4. Ulichoandika usiku kisome kwa sauti asubuhi, kabla ya kutuma.

5. "Laazizi", "mahabuba" na "nyonda" si marufuku. Ila zikitokea zote katika ubeti mmoja najua umeishiwa.

6. Fanyeni jaribio hili: futa jina la mpenzi, weka jingine lenye mizani ile ile. Shairi likiendelea kama kawaida, hujaandika kitu. Niliposema hivi juzi, kijana mmoja akatabasamu kwa fahari, akaniambia la kwake limeshawafaa watu watatu. Nikamuuliza kama kuna yeyote aliyehoji. Hakuna, akasema, wote walishukuru.

Mdogo wangu, hao walikuonea huruma. Shairi nimekurudishia. Lete jipya Ijumaa, la mtu mmoja, na safari hii nimwone akifanya jambo, hata kama anatafuta kiatu chini ya kitanda.