Maswali Yenu: Kompyuta Ndogo ya Gemu

SWALI: Wataalamu, salaam. Nataka kuunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Meza yangu ni ndogo, hivyo natamani kasha lisilozidi lita 12. Nimeshaamua prosesa iwe Ryzen 7 7800X3D, na nimeipenda kadi moja ya grafiki ya feni tatu yenye urefu wa milimita 336. Kilichobaki ni kutafuta kasha. Niangalie nini?
Mwenye Meza Ndogo

JIBU: Salaam, Mwenye Meza Ndogo. Umeanza na kilichopaswa kuja mwisho. Kwenye makasha makubwa mtu huchagua vipuri kwanza kwa sababu karibu kila kitu kitaingia. Kwenye lita 12, kasha ndilo linalochagua vipuri. Hiyo kadi usiilipie bado.

Chukua jedwali la vipimo la kila kasha unalolifikiria, utafute namba tatu: urefu wa kadi, unene wa kadi na kimo cha kipoza cha prosesa. Wengi huishia kwenye urefu, na unene ndio huwaumbua. Nafasi moja ya kadi ni takriban milimita 20, kwa hiyo kasha la "nafasi mbili" linakupa milimita 40 na kidogo tu, ilhali kadi nyingi kubwa za feni tatu zina unene wa milimita 50 hadi 60, nyingine zaidi. Hata ikiingia kwa kubanwa, feni zitagusana na ukuta na hewa haitapita.

Halafu kuna plagi ya umeme, ambayo huchomoza kwenye ubavu wa kadi na haimo kwenye urefu wala unene uliotangazwa. Ile mpya ya pini 16 inahitaji waya unyooke kama milimita 35 kabla ya kukunjwa. Ukikunjwa karibu zaidi, plagi huweza kukaa upande, mguso wa pini ukapungua, joto likapanda mpaka plastiki ikayeyuka. Ongeza hizo milimita kwenye hesabu yako kabla hujasema kadi imeenea.

Ushauri wetu ni kadi ya feni mbili, nafasi mbili. Kadi ya daraja la RTX 4070 hula wati 200 na joto lake linadhibitika kwenye lita 12. RTX 4060, yenye wati 115, ni rahisi zaidi.

Prosesa yako haina tatizo, ila kipoza kichague kwa makini. Katika gemu 7800X3D haifikii wati 120 zilizoandikwa kwenye boksi, lakini joto lake hukusanyika kwenye eneo dogo na hutoka polepole. Kipoza cha milimita 37 kama Noctua NH-L9a ni kidogo mno kwake: chini ya mzigo mzito inaweza kufika nyuzi 89, ambazo ndizo ukomo wake, kisha ikajipunguzia mwendo yenyewe. Tafuta kasha linaloruhusu kimo cha milimita 70 hivi, linalotosha NH-L12S. Kipoza cha aina hiyo kinaweza kuifunika RAM, kwa hiyo nunua RAM fupi isiyo na mapambo ya juu.

Pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri, iwe ya saizi ndogo ya SFX: milimita 125 kwa 100 kwa 63.5. Kuna SFX-L yenye urefu wa 130 badala ya 100, na inavutia kwa feni yake kubwa. Tungeiacha. Zile milimita 30 ndizo utakazopitishia waya, na kwenye kasha dogo waya ndio mzigo mkubwa. Wati 650 zinatosha. Waya za pawasaplai nyingine usizitumie hata plagi ikikubali kuingia: mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, na kosa hilo huunguza ubao mama au diski mara moja.

Ubao mama ni Mini-ITX, milimita 170 kwa 170. Huwa na nafasi mbili tu za RAM, hivyo nunua GB 16 mbili kwa pamoja. Angalia pia mgongo wake: mara nyingi nafasi ya pili ya SSD iko huko, na ukishafunga ubao kwenye kasha huifikii tena bila kufungua kila kitu.

SWALI: Nimemaliza kufunga, feni zinazunguka, skrini ni nyeusi. Kadi imeungwa kwa waya wa raiza, ule unaounganisha kadi na ubao kwa mbali. Nimeharibu?
Skrini Nyeusi

JIBU: Huenda hujaharibu chochote. Kama RAM ni ya kizazi cha DDR5, mara ya kwanza ubao huipima kwa dakika kadhaa bila kuonyesha kitu, na wengi huzima katikati wakaanza upya. Subiri dakika 10. Hakikisha pia waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao.

Bado nyeusi? Mshuku raiza. Raiza ya PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya mawasiliano kati ya kadi na ubao, na namba ni kizazi chake) ikiunganishwa na kadi ya 4.0, pande mbili hukubaliana mwendo ambao waya hauwezi kuubeba. Chomoa kadi, unganisha skrini kwenye ubao (prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina grafiki yake, isipokuwa zinazoishia na F), ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama), weka nafasi ya kadi kwenye Gen 3, yaani PCIe 3.0, kisha irudishe. Kasi inayopotea kwa kawaida ni ndogo.

Atakayeunda baada yako awashe kila kitu juu ya boksi la ubao kwanza, bila kasha wala raiza.

SWALI: Feni za juu ya kasha zivute hewa ndani au ziitoe?
Mpenda Upepo

JIBU: Ziitoe. Kadi na kipoza hujivutia hewa kupitia matundu ya ubavuni. Kama kati ya kipoza na ukuta wenye matundu kuna pengo la milimita 10 au zaidi, kipoza hurudia kuvuta hewa moto ya ndani. Kata pete ya sponji ya unene huo, uizungushie kingo za feni hadi iguse ukuta.