Jibu: Msitangaze siku ya kuchukua sampuli za beto (zege)

Hapana, ndugu. Zuia hilo tangazo kwanza, mengine baadaye. Umeandika kwamba mko na shantie, yaani kazi ya ujenzi, ya ghorofa huko Himbi, mnataka kulinganisha beto ya kokoto za lava iliyovunjwa na ile ya mawe mepesi ya volkano, na kwamba shefu atawaambia wafanyakazi Jumatatu kuwa Jumatano labo inakuja kujaza beto kwenye silinda za majaribio, zitakazovunjwa baadaye kupima nguvu. Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Sisi tulifanya hivyohivyo hapahapa Goma, kwenye jengo la depo. Injenieri mshauri, mtu wa tai na kompyuta, alisema tutangaze mapema ili kila kitu kiwe tayari. Na kweli kilikuwa tayari! Asubuhi ile mchanga ulipimwa kwa kisanduku, si kwa koleo. Maji yalitoka kwenye ndoo yenye alama, si kwenye mpira. Koni ya Abrams, ile ya kupima ulaini wa beto mbichi, ilijazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likashindiliwa mara 25, kama inavyotakiwa. Silinda zilipovunjwa siku ya 28, matokeo yalikuwa mazuri sana, na mwenye jengo akatoa pesa za ghorofa iliyofuata.

Na siku nyingine? Masoni analipwa kwa kazi iliyokwisha. Beto nzito inachosha mikono, toroli haisukumiki, basi anaongeza maji na beto inateleza vizuri ndani ya mbao za kumwagia. Duff Abrams, mtafiti wa beto, alionyesha tangu 1918, kule Chicago, kwamba kwa vifaa vilevile, maji yakizidi kulinganishwa na simenti, nguvu inashuka. Maji ambayo simenti haikuyatumia yanakauka na kuacha vitundu. Tena kokoto zetu nyepesi zinakunywa maji: baada ya mvua zimeshiba, juani zina kiu, kwa hiyo hata ndoo ileile haitoi beto ileile. Silinda zetu hazikuwa na habari yoyote ya hayo.

Tuliyaona tulipoondoa mbao za juu. Kona za nguzo zilikwaruzika kwa msumari. Tukatoboa nguzo zenyewe, tukatoa vipande, labo ikavivunja: dhaifu. Tukabomoa nguzo za ghorofa nzima. Simenti, vyuma, mbao, mishahara, vyote vikawa kifusi, naye yule mshauri akajibu kwamba karatasi zake ziko sawa. Karatasi zilipima asubuhi moja ambayo watu walijua wanatazamwa, na nguzo zilijengwa siku zile nyingine. Inaniudhi hadi leo, maana aliyelipwa kujua tofauti hiyo ni yeye.

Wasomi wa uongozi kazini wanaijua shida hii. Kwenye kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932 walifanya majaribio ya taa, mapumziko na malipo, na ikaenea habari kwamba wafanyakazi walizalisha zaidi kwa sababu tu walikuwa wanachunguzwa. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List walizipitia upya takwimu za zile taa, wakakuta ushahidi wake ni mdogo kuliko inavyosimuliwa. Sawa. Lakini shantie si taa: hapa mtu anashika mpira wa maji mkononi na anajua leo ni siku gani.

Kwa hiyo, kila mchanganyo upewe namba. Asubuhi mtu asiye wa shantie apige kura ya namba, anyamaze nayo. Namba hiyo ikifika, sampuli ichukuliwe palepale beto inapomwagwa. Silinda iandikwe namba tu, labo isijue ni timu gani wala kokoto gani. Ila wafanyakazi waambiwe tangu mwanzo kwamba sampuli zitachukuliwa wakati wowote, na hakuna atakayefukuzwa kwa tokeo moja. Wakiogopa, wataweka kijana barabarani apige mluzi gari la labo likitokea. Nimeona.

Na ile ya timu moja kutumia lava na nyingine mawe mepesi: wabadilishane katikati, la sivyo mtapima mikono ya watu mkidhani mnapima mawe.

Bei ya labo na namna ya kuandika ripoti, wengine humu watakujibu. Wewe ongea na shefu leo jioni, kabla hajasimama mbele ya watu Jumatatu.