Mwalimu, mbona msalaba haukumlinda mwanangu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mwanangu ana miaka mitatu. Mwezi wa nne alishikwa na degedege usiku. Mama mkwe akaniambia nimfunge hirizi, nikakataa. Nikanunua msalaba, padri akaubariki, nikautundika juu ya kitanda chake. Juzi degedege limemrudia. Mama mkwe hasemi kitu, ananitazama tu. Je, niliutundika vibaya? Au imani yangu ni haba?
Mama wa Muyeye, Malindi

JIBU: Milele amina, mama, na pole sana. Hata mimi nilimpakata kifungua mimba wangu akiwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, na nakumbuka mikono yangu ilivyokosa la kufanya.

Kwanza mpeleke hospitali leo, hata kama homa imeshuka. Kwa watoto wadogo degedege mara nyingi huletwa na homa kali, na huku kwetu homa hiyo yaweza kuwa malaria. Apimwe damu. Likimshika tena, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, kisha mkimbize kwa daktari.

Sasa msalaba. Hukuutundika vibaya, ila umeupa kazi isiyo yake. Hirizi hufungwa ili jambo lisimfike mtu. Msalaba unatuambia kwamba jambo lilimfika Mwana wa Mungu mwenyewe. Pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Warumi waliwatundika watumwa na waasi hadharani ili kila apitaye aone aogope, na Torati ilisema aliyetundikwa mtini amelaaniwa. Mahali pa aibu namna hiyo ndipo Mungu alipokubali kuwekwa. Na Yohana anasema mama yake alikuwa amesimama pale chini. Hakuweza kumshusha, na hakuondoka. Mama, usiku ule wewe ulisimama aliposimama Maria. Usiniambie tena imani yako ni haba.

Siku ukifika kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, hapo Malindi, inua macho. Nguzo ni ya matumbawe yetu, lakini msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mwaka 1542 mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, India. Hapa walimzika msafiri mwenzao, na katika barua yake alieleza furaha waliyoipata kuuona msalaba mkubwa wa mawe uliosimamishwa na Wareno. Mimi hukaa nikiwaza: mwenzao amekufa, wamemzika ugenini, na bado msalaba uliwafurahisha. Hawakuutazamia uwazuilie kifo.

Mimi ni fundi seremala, na msalaba wa kigango chetu niliuchonga kwa mbambakofi. Kila Ijumaa Kuu waumini huja kuubusu. Pale chini, penye miguu, vanishi imekwisha na mbao imekuwa nyeusi, laini kama mpini wa jembe la zamani. Kamati iliniomba niupige msasa niupake upya. Niliwaomba tuuache. Kuna bibi mmoja ambaye mwanawe alikwenda kuvua asirudi. Yeye habusu, huegemeza paji la uso pale pale peusi, akakaa, na foleni nzima humngoja bila mtu kukohoa. Nisingeweza kupasugua kwa msasa.

Katika sala, anza na ishara yenyewe, polepole. Tumeizoea, tunaipitisha mkono mara moja imekwisha. Tertuliano wa Karthago, huku huku Afrika, aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba Wakristo walijichora msalaba kwenye paji la uso wakiingia na kutoka, wakivaa viatu, wakienda kulala. Mchore mwanao vivyo hivyo kwa kidole gumba kabla hajalala. Usiseme, "Usimguse." Sema, "Bwana, huyu ni wako, na mimi niko hapa." Ukishindwa kusema, ishara peke yake ni sala tosha.

Msalaba uache hapo hapo juu ya kitanda. Na usimchukie mama mkwe. Naye usiku ule aliogopa kama wewe. Mwombe amshike mtoto mkono mnaposali. Na wakikupa dawa za malaria, dozi aimalize yote, hata akianza kucheza siku ya pili.