Picha za sura: jifunze kwanza mwanga unavyokaa kwenye ngozi zetu

Anayetaka kuanza kupiga picha za watu huniuliza anunue kamera gani. Jibu langu halibadiliki. Kama una simu yenye kamera nzuri, au umepata kamera ya mtumba ya miaka kumi iliyopita, anza na hiyo hiyo. Ukishaizoea, tafuta lenzi moja ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, ambayo kwa kamera nyingi ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa. Hapo umemaliza habari ya vifaa kwa muda mrefu. Kinachohitaji subira ni kuujua mwanga, unavyotua na kuteleza kwenye uso wa mtu, hasa uso mweusi kama zetu.

Mimi sipigi picha kwa kulipwa. Napiga ndugu, majirani na mafundi wa mtaani kwetu Tanga, na karibu yote ninayoyajua nimejifunzia mlangoni.

Jua la huku, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, liko juu mno. Ukimsimamisha mtu uwanjani, macho yanageuka mashimo na kivuli cha pua kinaangukia mdomoni. Watu watakushauri usubiri saa kumi na moja jioni, na ni ushauri mzuri, ila mlango unakupa mwanga laini hata saa saba mchana. Mkalishe mtu kwenye kigoda ndani ya nyumba, hatua moja tu kutoka kizingitini, atazame nje. Wewe kaa pembeni, usiuzibe mlango. Mwanga unaomfikia hapo haujatoka kwenye jua moja kwa moja. Umetoka angani, umetoka kwenye mchanga wa uani na kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo unamwingia kwa upana. Nyuma yake chumba kina giza, nawe huna haja ya kutafuta pazia.

Sasa mwambie ageuze uso taratibu kuelekea ndani huku unamtazama kwa macho yako, kamera ikiwa chini. Utaona shavu la upande wa pili linaanza kuingia kivulini, pua inajichora, taya inatokeza. Angalia ndani ya mboni: lazima uone nukta nyeupe, ambayo ni mlango wenyewe umejiakisi. Nukta ikipotea, jicho linakufa, basi mrudishe kidogo. Kisha mwambie asogee ndani hatua mbili. Mwanga unapungua, lakini vivuli vyake vinakuwa vikali zaidi, kwa sababu mlango ukiwa mbali ni mdogo kwa uso wake. Fanya zoezi hili kwa mtu yule yule, asubuhi na alasiri, siku ya jua na siku ya mawingu, mpaka uweze kujua picha itakavyotoka kabla hujabonyeza.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alitumia sana mwanga wa mchana uani kwake, na kitambaa kikining'inia nyuma ya mteja. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mtu. Ndiyo maana kila kitu, kuanzia mkao, mikono, hadi mkunjo wa nguo, kilipangwa kabla. Sisi wenye kadi za kumbukumbu zisizojaa tunahitaji utaratibu ule kuliko yeye.

Tuje kwenye ngozi, maana hapa ndipo wanaoanza huangushwa na kamera zao. Kamera haijui kama inatazama mtu au ukuta. Inachojua ni kwamba jumla ya mwanga kwenye fremu itoke kijivu cha kati. Mzee akivaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa mzee unatoka kama masizi. Mama mwenye buibui jeusi mbele ya mlango wa mbao nyeusi, mambo ni kinyume: kamera inaongeza mwanga mpaka uso unapauka, unakuwa na rangi ya majivu ambayo hakuzaliwa nayo. Kwa hiyo usiiachie iamue. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kwa mzee wa kanzu jumlisha hatua moja ya mwanga (+1), kwa mama wa buibui toa theluthi mbili ya hatua (-0.7), tazama, rekebisha. Kwenye simu, gusa uso na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kijua kinachotokea juu au chini.

Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Akitoka sawa yeye, mashine imekaa sawa. Nyuso nyeusi hazikuwamo kwenye kipimo kile. Mambo yameboreka sana siku hizi, lakini bado mipangilio mingi ya kujiendesha humng'arisha mtu bila kuulizwa, na ni juu yetu kuikataa.

Uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha umo kwenye mng'ao. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake zaidi kwa vivuli. Ya kwetu huonyesha kwa jinsi inavyoakisi mwanga. Chanzo kikiwa kidogo na kikali, kama flashi ya kamera yenyewe, unapata doa jeupe kwenye paji la uso na kwingine kote giza. Chanzo kikiwa kipana, kama mlango, mng'ao unatanda kutoka kwenye kipaji hadi kwenye shavu, na uso unapata mwili. Ndiyo sababu siwaambii watu wajipake poda kabla ya picha. Aliyejipaka mafuta ya nazi asubuhi, mwache vile vile. Upande wa kivuli ukizidi giza, mwombe mtoto ashike karatasi nyeupe ya manila usawa wa kifua, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Zima na taa za ndani, kwani zikichanganyika na mwanga wa mchana utapata shavu moja la njano. Na ujihadhari na kuta za rangi ya mafuta ya kijani, zinatupa rangi yake chini ya kidevu.

Umbali nao una neno. Ukimsogelea mtu kwa simu mpaka uso ujaze kioo, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Simama mita moja na nusu au mbili, kisha tumia lenzi ya mara mbili (2x) ya simu yako. Kwa lenzi ya 50 kwenye kamera za kawaida za wanaoanza, ukifungua f/1.8 kwa umbali wa mita moja na nusu, sehemu itakayotoka bila ukungu, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 6 tu. Elekeza fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Kama mtu anacheka na kutikisika, nenda f/4, tundu dogo zaidi, upate nafasi.

Yote hayo hayatakufaa kama mtu ameshikwa na wasiwasi. Jirani yangu fundi cherehani, kila nikinyanyua kamera alikuwa anakaza shingo kama yuko kwenye picha ya paspoti. Nikamwomba aendelee na kazi. Akavuta uzi, akaulamba, akainamisha miwani puani kutafuta tundu la sindano. Nikamwita tu, "Fundi!" Akanyanyua macho, mikono bado imeshika uzi. Hiyo ndiyo picha aliyoitundika kibandani kwake. Mikono ikiwa na shughuli, uso unajisahau. Kwa wazee, mazungumzo hutangulia: shikamoo, habari za nyumbani, habari za wajukuu, kisha ndiyo uombe. Na uombe tena kabla ya kuirusha picha mtandaoni. Kukubali kupigwa ni jambo moja, kusambazwa ni jingine.

Siku moja shangazi yangu aliniangalia ninavyohariri akasema, "Mwanangu, niweke mweupe kidogo basi." Ombi hilo utalisikia sana, na utalisikia kwa watu unaowapenda. Sikumhutubia. Nilimpigia nyingine pale pale mlangoni, amekaa kizingitini kabisa, kanga yake ya rangi ya chungwa mabegani, nikapima mwanga kwenye shavu lake. Nilipomwonyesha, alikaa nayo muda mrefu, akauliza, "Hii hujaigusa?" Sikuwa nimeigusa. Mara nyingi anayeomba weupe anaomba aonekane vizuri, na amezoea picha ambazo rangi yake ndiyo iliyozama gizani. Mpe mwanga wa kutosha katika rangi yake. Programu zinazolainisha ngozi mpaka vinyweleo vitoweke, mimi sizifungui kabisa. Mikunjo ya shangazi ni yake.

Mwisho, chapisha. Chagua picha chache, peleka studio ya mtaani, na umwambie mchapishaji jambo moja kabla hajaanza: azime marekebisho ya rangi ya kujiendesha. Mashine nyingi zikikuta uso mweusi na nyuma giza, zitaufungua mwanga zenyewe, na kazi yote ya mlangoni inaishia hapo. Kioo cha simu pia hudanganya, kinang'aa kuliko karatasi. Kwa hiyo toa nakala moja ndogo ya majaribio, itazame nje kwenye kivuli, ongeza mwanga kidogo kwenye faili kama imezama, ndipo uagize ile kubwa ya kumpelekea mwenyewe.